Chuo kimesimamisha msaada wangu wa masomo, na baba bado hajui

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni binti wa miaka 22. Nilizaliwa upande wa Uvira, lakini nilikulia Nyarugusu, kambini kule Kigoma. Tulifika Kentucky nikiwa na miaka 14. Nyumbani tuko watoto watano na mimi ndiye mkubwa. Barua za shule, za nyumba, za hospitali, zote nazisoma na kuzijibu mimi, maana baba na mama Kiingereza chao bado ni kidogo.*

*Nimemaliza mwaka wa pili katika chuo cha jamii, nasomea kozi za uuguzi. Ada yangu inalipwa na Pell, ule msaada wa serikali usiorudishwa, sijawahi kukopa hata senti. Mwaka wa kwanza ulienda vizuri kiasi, niliacha kozi moja kila muhula kwa sababu kazi na masomo vilinishinda kwenda pamoja. Mwaka wa pili ndio ulioniangusha. Mama alipatikana na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Baba anafanya kazi mchana na hawezi kuomba ruhusa kila mara. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka, nikakaa naye, nikamtafsiria daktari. Mama aliacha kazi, nikaongeza masaa yangu ghalani hadi 40 kwa wiki, usiku. Kemia nikafeli. Muhula uliofuata nikafeli kozi mbili nyingine, nikaacha moja, nikafaulu moja tu.*

*Katikati ya Mei nilipata barua pepe kwamba msaada wangu wa fedha umesimamishwa kwa sababu sikutimiza "maendeleo ya kuridhisha ya masomo". Nilipotafuta nikaona kuna nyingine ya Januari inayosema niko kwenye onyo. Ile sikuisoma, ilikuja kwenye anwani ya chuo ambayo siifungui sana. Rekodi yangu iko hivi: krediti (uzito wa kozi) nilizojiandikisha 48, nilizofaulu 26. F, yaani nilizofeli, ni krediti 10, na W, yaani nilizoacha, ni krediti 12. GPA, wastani wa alama, ni 1.8. Programu yenyewe ni ya krediti 60. Rufaa inapokelewa mpaka tarehe 10 Julai.*

*Rafiki yangu amenishauri niandike kwamba bibi amefariki, eti ndiyo sababu wanayoikubali haraka. Kuna jamaa pia anaandikia watu hizo barua kwa dola 150. Mjomba, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, anasema nisihangaike, nipumzike mwaka mzima nifanye kazi, nikirudi msaada utakuwa umefunguka wenyewe. Wengine wanasema nihamie chuo kingine.*

*Baba hajui. Kanisani ameshawaambia watu wote kwamba binti yake atakuwa nesi. Mdogo wangu wa miaka 18 amepata leseni ya udereva mwezi huu na baba alifurahi sana, nikashindwa kabisa kumharibia furaha. Nifanye nini, Mwalimu?*

*Binti wa Nyarugusu, Kentucky*

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa ugonjwa wa mama.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Kuna sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nitaifikia. Kwanza nataka uelewe hasa kilichotokea, kwa sababu naona umeipokea ile barua pepe kama hukumu ya kufukuzwa. Hujafukuzwa chuo. Kilichosimama ni fedha, na fedha hizo zina masharti yanayoweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi.

Pell ni fedha ya serikali kuu ya Marekani, inatolewa chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965. Kanuni zake zinakitaka kila chuo kiwapime wanaopokea msaada kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni alama. Mwisho wa mwaka wa pili mwanafunzi awe na wastani wa C, au kiwango kinachomwezesha kuhitimu chuoni hapo, na vyuo vingi huandika GPA ya 2.0. Cha pili ni kasi, yaani katika krediti zote ulizojiandikisha, umefaulu sehemu gani. Vyuo vingi hudai asilimia 67. Cha tatu ni ukomo: huwezi kulipiwa zaidi ya asilimia 150 ya urefu wa programu. Programu yako ni ya krediti 60, kwa hiyo ukomo wako ni krediti 90 za kujiandikisha.

Hapo kwenye kasi ndipo vijana wetu wengi wanapoangukia bila kujua. Wengi wanadhani W ni msamaha, kwa kuwa haishushi GPA. Kweli haigusi GPA, ila kwenye kasi inahesabika kama kozi uliyojiandikisha na hukuimaliza, sawasawa na F. Zile krediti 12 ulizoziacha kwa nia njema, ukidhani unalinda alama zako, zimekugharimu kuliko zile 10 ulizofeli.

Sasa tupige hesabu yako. Umefaulu 26 kati ya 48, ni asilimia 54. Ukifaulu kila kozi kuanzia sasa, utahitaji krediti 18 ili ufike 44 kati ya 66, ambayo ni asilimia 66.7. Kama chuo chako kinadai 67 kamili bila kukadiria, itabidi ziwe 19. Krediti 18 ni mihula miwili ya krediti 9. Ukichukua muhula mmoja wa krediti 12 na kuzifaulu zote, utakuwa na 38 kati ya 60, asilimia 63, bado uko chini. Kumbuka jambo hili, lina uzito mkubwa kwenye rufaa yako.

Kwenye ukomo, umeshatumia 48 kati ya 90, zimebaki 42. Kama krediti zako 26 zote zinahesabika kwenye programu, unahitaji 34 kumaliza. Una akiba ya krediti 8. Ni kozi mbili, labda tatu. Na usidhani utasubiriwa mpaka ufike 90. Siku itakapoonekana kwa hesabu kwamba huwezi tena kumaliza ndani ya 90, msaada unasimama siku hiyo hiyo.

GPA ndiyo yenye habari njema. Wastani wa 1.8 kwa krediti 36 zenye alama ni pointi kama 65. Vyuo vingi vina utaratibu wa kufuta alama ya F kwenye wastani ukirudia kozi ile ile na kufaulu. Kama chako kinao, ukirudia kemia peke yake ya krediti 4 na kupata C, yaani pointi 2 kwa kila krediti, unaongeza pointi 8, zinakuwa 73 kwa krediti zile zile 36, na wastani unapanda hadi 2.03. Kemia tu! Lakini kama chuo kinaiacha F ibaki kwenye wastani, utakuwa na 73 kwa 40, yaani 1.8 ile ile. Kwa hiyo swali la kwanza utakalomuuliza mshauri wako wa masomo wiki hii ni hilo: nikirudia kozi niliyofeli, F ya zamani inaondoka kwenye GPA au inabaki? Na ujue kwamba hata ikiondoka kwenye GPA, kwenye kasi na kwenye ukomo majaribio yote mawili yanahesabika.

Kuhusu onyo la Januari. Vyuo vinavyopima kila muhula vinaruhusiwa kumpa mwanafunzi muhula mmoja wa onyo, na muhula huo bado analipiwa bila kuomba chochote. Ukiondoa zile kozi nne za muhula wa mwisho, kama kila moja ilikuwa ya krediti 3, mwisho wa ule muhula wa vuli ulikuwa na krediti 23 kati ya 36, asilimia 64, umekosa kidogo tu. Ndiyo maana muhula wa pili ulilipiwa. Ungeiona barua ile, pengine ungeenda ofisini mapema ukasema mama anaumwa. Hilo limepita. Ila leo leo iunganishe anwani ya chuo na simu yako, kwa sababu jibu la rufaa litakuja huko huko, na mara nyingi linakuja na nyaraka za kutia sahihi ndani ya siku chache.

Sasa haya uliyoshauriwa.

Habari ya bibi aliyefariki iache kabisa. Kupata fedha za serikali kuu kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai katika nchi hii, na kwa mtu ambaye kesho ataomba uraia, kosa la namna hiyo linaweza kumfuata hadi mezani kwa afisa wa uhamiaji. Tena huenda wakakudai cheti cha kifo. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba huuhitaji uongo huo. Kanuni zenyewe zinataja mifano ya sababu za rufaa: kufiwa na ndugu, mwanafunzi mwenyewe kuumia au kuugua, na mazingira mengine maalumu. Mama kuanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mtoto wa kwanza akiwa ndiye dereva, mkalimani na mleta mshahara, kama hayo si mazingira maalumu basi sijui ni yapi. Una ukweli mzito mikononi, na mtu anakushauri uutupe ushike hadithi!

Jamaa wa dola 150 naye mwache. Barua za namna hiyo huandikwa kwa kubadilisha majina tu, na afisa anayesoma rufaa kila muhula anazitambua. Hawezi kujua ratiba ya kliniki ya mama yako wala jina la kozi unayotaka kurudia. Fomu ya rufaa ipo kwenye tovuti ya chuo, au unaipata ofisi ya misaada ya fedha. Ukitaka mtu wa kukusahihishia Kiingereza, vyuo vya jamii vingi vina kituo cha uandishi, na mwanafunzi hatozwi kitu.

Mjomba anakupenda, najua, na ushauri wake unasikika kama busara. Lakini kwa jambo hili amekosea, na wengi wanakosea pamoja naye. Kukaa nyumbani mwaka mzima hakubadilishi tarakimu hata moja. Utarudi ukiwa na 26 kati ya 48 vile vile, na msaada utakuwa umesimama vile vile. Hesabu inasogea kwa njia moja tu: kozi uliyoifaulu. Kama unahitaji kupumzika kwa ajili ya mama, hilo ni jambo jingine, pumzika kwa sababu hiyo. Usipumzike ukitegemea kwamba muda utafungua mlango.

Kuhamia chuo kingine kunaweza kusaidia kweli, sitakuficha. Krediti ambazo chuo kipya kitazipokea zinahesabika kama ulizojiandikisha na ulizofaulu kwa pamoja, hivyo kasi inaweza kuonekana safi. Ila vyuo vingine huangalia rekodi yote ya zamani, na kuna kozi ambazo huenda wasizipokee, ukaanza upya. Pell nayo ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda kamili, na kikomo hicho hakianzi upya kwa kubadilisha chuo. Mihula yako minne imeshaingia humo. Mimi ningekata rufaa kwanza hapo ulipo.

Tuje kwenye rufaa yenyewe. Barua ya rufaa inaulizwa maswali mawili, na yote yametoka kwenye kanuni za serikali. Nini kilitokea hata ukashindwa kutimiza vipimo? Na nini kimebadilika hata utaweza kuvitimiza wakati ujao? Watu wetu hulijibu la kwanza kwa kurasa tatu, wakaeleza vita, kambi, safari, ugonjwa, kila kitu, halafu kwenye la pili wakaandika "naahidi kujitahidi". Rufaa nyingi hufia hapo. Ofisi imekuamini kwamba uliteseka. Inachokosa ni sababu ya kuamini kwamba Septemba haitakuwa kama Februari.

Hapo ndipo inapoingia ile sentensi yako. Umeandika kwamba mdogo wako wa miaka 18 amepata leseni mwezi huu. Mwanangu, hilo ndilo badiliko! Muhula uliopita nyumbani kulikuwa na mtu mmoja wa kumpeleka mama kliniki mchana, sasa wako wawili. Uliliandika kama kitu cha kumwonea huruma baba, kumbe ndilo jibu la swali la pili.

Na haliko peke yake. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, kutokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na baadaye sheria ya afya ya 2010, zinatakiwa zimpatie mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri mkalimani bila malipo, hata kama ni wa kwenye simu au video. Haziruhusiwi kumdai mgonjwa aje na mkalimani wake. Kiswahili kinapatikana kwa simu katika huduma nyingi za ukalimani. Mwambie mama, au mwambie mwenyewe mara ya mwisho utakapoenda naye, waandike kwenye faili lake: mgonjwa anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Pia kama mama ana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, uliza usafiri wa kwenda matibabu. Medicaid inatakiwa kumfikisha mgonjwa kwenye miadi yake asipokuwa na njia nyingine, na wagonjwa wa figo ni miongoni mwa wanaoutumia sana usafiri huo. Kliniki ya kusafisha damu huwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ndiye atakayekusaidia kuupanga. Haya yafanye kwa ajili ya mama kwanza, kwa sababu mtoto kutafsiri habari za figo za mzazi wake ni mzigo ambao hukupaswa kuubeba wewe peke yako. Yakishapangwa, yaandike kwenye rufaa.

Halafu masaa ya kazi. Hapa nitasema wazi, hata kama nyumbani pesa ni ngumu: masaa 40 ya usiku na kemia haviwezekani pamoja. Ukiandika kwenye rufaa kwamba utaendelea na masaa 40, afisa makini atakukatalia, na atakuwa na haki. Kaa na baba mpige hesabu ya nyumba, muone mnaweza kuishi ukifanya masaa mangapi. Ishirini? Ishirini na nne? Na kuna mlango ambao familia nyingi haziujui: FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, inatumia mapato ya miaka miwili nyuma, wakati mama alikuwa bado anafanya kazi. Kwa kuwa ameacha, ofisi ya misaada inayo mamlaka ya kuyaangalia upya mapato ya familia ikiombwa na ikipewa ushahidi. Hilo ni ombi tofauti na rufaa yako, lina fomu yake. Likikubaliwa linaweza kuongeza Pell kama hukuwa unapata kiwango cha juu.

Barua iwe ukurasa mmoja. Ikae karibu na hivi, kwa maneno yako mwenyewe, ukishaigeuza kwa Kiingereza:

"Mwezi Septemba mama yangu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo na akaanza kusafishwa damu siku tatu kwa wiki. Nilikuwa dereva pekee aliyepatikana mchana na nilikuwa mkalimani wake. Mama alipoacha kazi, niliongeza masaa yangu ya kazi ya usiku hadi 40. Nilikosa vipindi vya maabara ya kemia na nikafeli. Sikuomba msaada mapema, na sikuisoma barua ya onyo ya Januari. Tangu Juni, mdogo wangu mwenye leseni anampeleka mama siku mbili, na usafiri wa Medicaid siku ya tatu. Kliniki inatumia mkalimani wa simu. Nimepunguza kazi hadi masaa 20. Muhula wa vuli nitachukua krediti 9, ikiwemo kemia ninayoirudia, na nimejiandikisha kwa mwalimu wa ziada wa kemia mara moja kwa wiki. Kasi yangu itafika asilimia 66.7 baada ya mihula miwili, kwa hiyo naomba nikubaliwe kwa mpango wa masomo."

Usiweke neno lolote hapo ambalo bado halijatokea. Kama usafiri wa Medicaid haujapangwa, usiandike umepangwa. Ambatisha barua ya kliniki inayosema mama anatibiwa tangu lini na mara ngapi, nakala ya leseni ya mdogo wako, na karatasi kutoka kazini inayoonyesha masaa mapya. Hawahitaji faili zima la ugonjwa wa mama, na yeye akubali kwanza karatasi hiyo itolewe.

Ile sentensi ya mwisho kuhusu mpango wa masomo ndiyo niliyokuambia ukumbuke. Rufaa ikikubaliwa, mwanafunzi huwekwa kwenye majaribio ya muhula mmoja, na mwisho wa muhula huo awe amefikia vipimo vyote. Wewe huwezi kufika kwa muhula mmoja, tumeona kwa hesabu. Kwa walio kama wewe kanuni zinaruhusu mpango wa masomo: wewe na mshauri wako mnaandika kozi gani utachukua kila muhula na alama gani ya chini, na ukiufuata unaendelea kulipiwa hata kama asilimia bado haijafika 67. Uombe mwenyewe. Nenda kwa mshauri ukiwa na hesabu hizi kwenye karatasi, mpango utiwe sahihi kabla ya Julai 10, uuambatishe na rufaa. Na ukishautia sahihi, usibadilishe kozi hata moja bila kumuuliza. Kuvunja mpango ni kusimamishwa tena, na vyuo vingine vina kikomo cha idadi ya rufaa.

Kwa nini nasema krediti 9 na si 12? Kwa sababu ya ile akiba yako ya 8. Sasa huna nafasi ya kuacha kozi. Pell kwa krediti 9 ni robo tatu ya unayopata kwa muda kamili, na krediti pungufu zina ada pungufu, lakini hakikisha na ofisi kwamba kinachobaki kinatosha, usije ukashtukizwa na deni la chuo. Kama unapata pia msaada wa jimbo au ufadhili wa chuo, uliza kila mmoja una masharti gani, maana rufaa hii inahusu fedha za serikali kuu tu. Krediti 9 pengine hazitoshi kwa mojawapo.

Na wasomaji wengine wenye wagonjwa nyumbani, sikilizeni: ukiona muhula umekushinda kabisa, usiondoke kimya kimya. Anayeacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada hurudishwa serikalini, na chuo hukudai wewe pengo hilo. Nenda ofisini kabla hujaacha. Binti wetu alimaliza kozi moja muhula ule, kwa hiyo hilo halikumgusa.

Baba sasa. Kwa kawaida chuo hakitampigia simu. Sheria za faragha zinaiweka rekodi yako mikononi mwako, na yeye anaweza asijue kwa muda mrefu. Lakini tazama mpango huu tulioupanga: mdogo wako aendeshe gari la familia siku za kliniki, mshahara wako upungue nusu, mama akubali barua ya daktari itolewe. Hakuna hata kimoja hapo kinachofanyika bila baba. Kwa hiyo mwambie, na umwambie kabla ya kupeleka rufaa. Ukishindwa kuanza peke yako, mtangulize mjomba, ndiyo kazi ya mjomba. Keti na baba siku isiyo ya kanisa, usianze na aibu yako, anza na mama: "Baba, mwaka huu nilimpeleka mama kliniki na masomo yakarudi nyuma. Chuo kinanipa nafasi ya kujieleza na nahitaji msaada wako." Mzazi aliyewavusha watoto watano mpaka Kentucky anajua njia kukatika, na anajua kutafuta nyingine. Kinachomuumiza mzazi wa namna hiyo ni kuyasikia haya kwa mtu wa kanisani.

Rufaa ikikataliwa, uliza kwa maandishi ni kwa sababu gani, na kama kuna ngazi ya juu yake. Ikishindikana kabisa, chukua kozi moja moja kwa fedha yako, kemia iwe ya kwanza, uifaulu. Ukizifikia zile krediti 18 na GPA ikawa 2.0 au zaidi, utakuwa umetimiza vipimo vyenyewe, na ofisi itakufungulia bila rufaa ila kwa wewe kuwaambia wakupime upya. Wengine hawajui kwamba wametimiza na wanaendelea kujilipia.

Andika rasimu wiki hii, unitumie kabla hujaipeleka. Nitaisoma.